Kasi mara mbili, shimo mara nne

Ile nusu, m, v mraba mliyokariri shuleni mkaisahau siku mtihani uliisha? Wasomi wa Ulaya waligombana juu yake zaidi ya miaka 50, tena kwa vijembe vya kuchapishwa vitabuni.

Swali lilikuwa rahisi: kitu kikiwa kwenye mwendo, kimebeba nguvu kiasi gani? Descartes alisema chukua uzito, zidisha na kasi, basi. Inaingia akilini, si ndiyo? Mwaka 1686 Leibniz, Mjerumani, akasema hapana, hiyo kasi izidishwe kwanza na yenyewe. Watu wa Newton kule Uingereza wakakataa. Walikuwa na bifu naye kitambo kuhusu nani alivumbua kalkulasi, kwa hivyo hata angesema jua linawaka wangebisha.

Miaka ya 1720, Mholanzi Willem 's Gravesande akaacha maneno. Alichukua mipira ya shaba akaiangusha kwenye udongo laini wa mfinyanzi, kisha akapima mashimo. Mpira mzito mara mbili ukifika na kasi ile ile, shimo mara mbili. Sawa. Lakini mpira ule ule ukifika na kasi mara mbili? Shimo mara nne. Kasi mara tatu, mara tisa. Na manze, huyu jamaa mwenyewe alikuwa wa timu Newton! Udongo ulimgeuza.

Bado wakubwa wa Paris hawakutaka kusikia. Aliyewakabili ni Émilie du Châtelet. Wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama wa ile akademia yao ya sayansi, lakini mwaka 1740 alitoa kitabu cha fizikia na ndani yake akamkosoa de Mairan, aliyekuwa anaingia kuwa katibu wa akademia hiyo hiyo. Jamaa akamjibu kwa dharau. Dada akamrudishia hadharani mwaka huo huo wa 1741, hoja kwa hoja. Hata Voltaire, mpenzi wake, alikuwa upande wa pili. Sijui mezani walikuwa wanaongea nini.

Alifariki 1749, siku chache baada ya kujifungua, akiwa na miaka 42. Watu wengi wanamjua kama mpenzi wa Voltaire tu, na hiyo inaniuma. Hesabu ya Descartes nayo haikutupwa, inapima kitu kingine, msukumo. Ila ukitaka kujua kitu kitaharibu kiasi gani kikigonga, unamfuata Leibniz.

Sasa leta hiyo Thika Road. Lori la tani 20 likienda 40 kwa saa limebeba nishati sawa na gari la tani 5 linaloenda 80. Lile dogo ndilo hatuliogopi.

Na ile 80 ya vidhibiti mwendo, iliyokuja na sheria za Michuki 2004, bado utasikia dere akisema, "Si nimeongeza ishirini tu?" Piga hesabu. 80 mara 80 ni 6,400. 100 mara 100 ni 10,000. Kasi imepanda kwa robo, nishati imepanda kwa zaidi ya nusu, na breki ni zile zile. Kama kwa 80 breki zingehitaji mita 40 kusimamisha hiyo matatu, kwa 100 zinahitaji zaidi ya 62, na hapo bado hujahesabu sekunde ambayo dere alikuwa anaangalia simu.