Nani Aliyeufunga Mlango? Steve Meretzky na Swali la Mtunzi

Muhula uliopita, katika semina ya nadharia ya fasihi, nilitoa hoja kwamba anayeandika hadithi za michezo ya kompyuta naye ni mtunzi, na kazi yake inastahili kuhakikiwa. Darasa zima lilicheka. Mwenzangu mmoja akadakia, "Kesho utatuletea uhakiki wa bao!" Nami nilicheka, lakini swali halikuniacha. Je, mtunzi ni nani pale ambapo hadhira ndiyo inayoamua hatua inayofuata? Katika makala haya nitajaribu kulijibu swali hilo kwa kumfuatilia mtu mmoja, Steve Meretzky wa Marekani.

Meretzky alizaliwa mwaka 1957 katika jimbo la New York. Shahada yake, aliyoipata MIT mwaka 1979, haikuwa ya fasihi bali ya usimamizi wa ujenzi, kazi ambayo haikumkaa moyoni. Uandishi aliuingia kwa mlango wa uani. Rafiki aliyeishi naye nyumba moja alikuwa akiijaribu michezo ya kampuni ya Infocom, ya Cambridge, Massachusetts, ili kutafuta kasoro zake. Meretzky akaanza kuicheza, kisha naye akaajiriwa kuijaribu. Mwaka 1983 ukatoka mchezo wake wa kwanza, Planetfall.

Michezo ile haikuwa na picha. Skrini inaonyesha aya ya maandishi, mchezaji anachapa amri, mathalani "nenda kaskazini" au "fungua mlango", na programu inamjibu kwa aya nyingine. Basi kazi ya mtunzi ni kukisia kila ambalo msomaji atataka kulifanya, hata la kipuuzi, na kuliandalia jibu. Pale Infocom wenyewe kwa wenyewe waliitana "watekelezaji". Jina linalotumika leo, mbunifu wa masimulizi, lilikuja kuenea baadaye sana.

Hivi jambo hili ni geni kwetu kweli? Sote tumesoma fasihi simulizi. Mtambaji akisema "Paukwa" asipoitikiwa "Pakawa", hadithi haiendi. Hadhira huuliza, hudakia, huimba kiitikio. Hata hivyo hakuna anayesema kwamba fanani si msanii eti kwa sababu hadhira haikunyamaza.

Hebu tuangalie Planetfall yenyewe. Mchezaji ni baharia wa anga wa cheo cha chini kabisa, mpiga deki, aliyekwama kwenye sayari isiyo na watu. Mwenzake pekee ni Floyd, roboti mwenye tabia za kitoto. Inafika mahali kadi inayohitajika imo ndani ya maabara yenye viumbe wakali. Floyd anajitolea kuingia. Mchezaji anachapa amri ya kufungua mlango, Floyd anaingia, na papo hapo mchezaji inambidi achape amri ya kuufunga. Floyd anarudi na kadi, kisha anakufa mikononi mwa mchezaji.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mtunzi ameruhusu mambo mengi, lakini njia ya kumwokoa Floyd hakuiweka. Aidha, mlango hakuufunga yeye. Ameufunga msomaji kwa vidole vyake. Katika riwaya tunamlilia mhusika tukiwa nje ya tukio. Hapa tunalia tukiwa na lawama. Ni kweli kwamba mwishoni Floyd anatengenezwa na kurudi, na kwa mtazamo wangu huo ni udhaifu wa kazi hii. Lakini katika Stationfall ya mwaka 1987 Meretzky hakuwa na huruma: Floyd anapotoshwa na nguvu ya uovu, na mchezaji mwenyewe ndiye anayelazimika kumpiga risasi.

Wapo watakaosema mchezo hutafuta ushindi ilhali fasihi hutafuta maana. Hoja hii ina uzito, na jibu lake ni A Mind Forever Voyaging ya mwaka 1985. Meretzky aliiandika akiwa na hasira baada ya Reagan kuchaguliwa tena mwaka 1984. Mafumbo ya kufumbua humo ni machache mno. Mchezaji ni kompyuta yenye fahamu, inayotembea katika mji wa kuigiza uitwao Rockvil na kurekodi maisha ya watu muongo baada ya muongo, kuanzia 2041 hadi 2081, ili kuona sera fulani ya serikali itaufikisha mji wapi. Sera inasifiwa, mji unaoza. Hakuna cha kushinda kwa sehemu kubwa ya safari hiyo. Ni kutazama tu, na kushuhudia.

Soko halikuipokea vizuri. Mwaka uliofuata alitoa Leather Goddesses of Phobos, kichekesho cha mambo ya mahaba, na jamani, kikauzika kuliko ile. Mwandishi gani wa Kiswahili asiyeijua hadithi hii? Infocom yenyewe ilinunuliwa na Activision mwaka 1986, na ofisi ya Cambridge ikafungwa mwaka 1989. Picha zilikuwa zimeyashinda maandishi. Meretzky aliendelea, akaanzisha kampuni ya Boffo na wenzake, wakatoa The Space Bar mwaka 1997, lakini kazi yenye ukali wa ile ya mwaka 1985 hakuirudia.

Barthes alitangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967, na semina zetu hulirudia tangazo hilo kama kasuku. Mimi naona Meretzky anatufundisha kinyume. Mwandishi anaweza kumwachia msomaji nafasi ya kutenda, na bado akabaki na madaraka makubwa kuliko yote: kuamua kipi hakitawezekana. Tukikataa kuyahakiki madaraka hayo kwa sababu tu yamo ndani ya mchezo, vijana wataendelea kuongozwa na watunzi tusiowajua. Mwenzangu wa bao nimemwazima Planetfall. Juzi alinijia kimya, akaniuliza kama kweli hakuna namna ya kumwokoa yule roboti.