Baridi kali dhidi ya maumivu: chombo njo kilikosekana

Mchezaji akiumia uwanjani, kitu cha kwanza kuletwa ni barafu. Lakini je, baridi inaweza kutibu maumivu ya mishipa ya fahamu, yale yanayokaa miezi na miaka? Jibu la swali hilo lilichukua zaidi ya karne moja.

Mwezi wa pili 1807, jeshi la Napoleon lilipigana Eylau, katika Prussia ya zamani, kwenye baridi ya kutisha. Munganga wake mkubwa, Dominique-Jean Larrey, alikuwa anakata mikono na miguu ya waliojeruhiwa, na dawa ya kulaza mgonjwa ilikuwa haiko bado. Akaona kama wale waliogandishwa na baridi walisikia maumivu kidogo. Aliona vizuri, lakini baridi ya hewa, nani ataielekeza mahali anapotaka?

Huko Uingereza, munganga James Arnott alijaribu. Kuanzia 1845 alichanganya barafu iliyopondwa na chumvi, akafikia -24°C hivi, akaweka mahali panapouma: kwenye kansa, kichwa, mishipa. Mwaka 1851 alionyesha kifaa chake kwenye Maonyesho Makubwa ya London. Alisema baridi ni salama kuliko kloroformu, ambayo ilikuwa imeua wagonjwa. Lakini eteri (1846) na kloroformu (1847) njo zilishinda. Sababu iko wazi: ile barafu ilifika kwenye ngozi na chini kidogo tu, na mishipa mingi iko ndani zaidi.

Mwaka 1961, New York, Irving Cooper na Arnold Lee walitengeneza sindano inayopitisha azoti ya maji, yenye -196°C. Cooper aliitumia ndani ya ubongo wa watu wanaotetemeka na kukaza misuli kwa ugonjwa wa Parkinson. Miaka michache baadaye, Afrika Kusini, munganga wa macho Selig Percy Amoils, wa hospitali ya Baragwanath kule Soweto, akatengeneza kifaa chepesi zaidi: gazi iliyobanwa inatoka kwenye tundu dogo, inapanuka, inapoa sana. Yeye alitaka kuondoa mtoto wa jicho tu.

Mwaka 1976, John Lloyd na wenzake wa Oxford waliandika katika jarida la The Lancet jinsi walivyogandisha mishipa ya wagonjwa wa maumivu sugu. Uzuri wa njia hii uko hapa: baridi ya kiasi inaua uzi wa ndani wa mshipa, lakini inaacha ganda lake. Uzi unaota tena ndani ya ganda, milimita 1 au 2 kwa siku. Maumivu yanalala wiki au miezi, halafu mshipa unarudi. Kisu kinakata vyote viwili, na uzi ukiota ovyo unaleta maumivu mapya.

Toka 2019, Paul Winston na wenzake kule Kanada wanaandika juu ya kutumia njia hiyo kwa mikono na miguu iliyokazwa baada ya kiharusi, huku ekografi ikiwaonyesha mshipa uko wapi.

Arnott hakukosea; alikosa chombo. Na chombo kilikuja kupitia kwa munganga wa macho. Wewe mwenye kuandika mémoire yako, ulisha kuuliza wa fakilte ya jirani wako na chombo gani?