Maji ya Hisani, Umeme wa Kununua

Mtu wa Kendwa anunuaye Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, akabonyeza tarakimu zake katika mita na taa ikawaka, amekwisha kulipa kabla ya kutumia; lakini ukimwuliza ni lini alipiga kura kumchagua mjumbe wa bodi ya Shirika la Umeme, atakukodolea macho, kwani kura hiyo haijapata kupigwa Unguja. Mwenyekiti huteuliwa na Rais wa Zanzibar, wajumbe huteuliwa na waziri, na Mamlaka ya Maji, iliyoundwa kwa sheria ya 2006, haikuachwa kwa wapiga kura vilevile.

Asili ya mwendo huu ni ya zamani. Sayyid Barghash bin Said, alipokuwa uhamishoni Bombay baina ya 1859 na 1861, alikuwako wakati mji ule ulipoanza kunywa maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar. Naye alipokalia kiti cha usultani wa Zanzibar mwaka 1870, mji wake ukiwa umetoka kupigwa na kipindupindu kilichoua maelfu, baadaye aliamuru maji ya chemchemi za upande wa Bububu yavutwe kwa mabomba hadi Mji Mkongwe, raia wakayateka bila ya malipo. Ilikuwa hisani, na mwenye hisani haulizwi amempa nani ufunguo. Hata katika wakfu wa visima, msimamizi hutajwa na wakifu mwenyewe, si na wale watekao.

Mashamba mambo yalikuwa mengine kidogo. Katika miji ya Wahadimu, wenyeji wa Unguja, watu wanne, yaani wazee waliotoka katika koo za mahali pale, ndio waliokuwa na kauli juu ya ardhi na mambo ya mji. Hapakuwa na sanduku la kura, lakini kila ukoo ulimjua mtu wake na ulijua mlango wa kumbishia hodi.

Kura zenyewe zilikuja Julai 1957, tena kwa viti 6 tu vya Baraza la Kutunga Sheria, na kwa wanaume waliotimiza masharti ya umri na ya mali au elimu. Wanawake walingoja hadi 1961. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaiondoa daula ya sultani, lakini desturi ya maji ya bure yakaibakisha, na uteuzi wa wasimamizi ukabaki juu kama ulivyokuwa.

Kwingineko njia ilikuwa nyingine. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, wakulima waliochoka kukaa gizani kwa kuwa makampuni hayakuona faida ya kuwapelekea nyaya, walipitisha kwa kura mwaka 1930 sheria ya kuunda wilaya za huduma za umma, na tangu hapo wakazi huwachagua makamishna wao, kwa kawaida watatu, kila mmoja kwa miaka 6. Wala tusidhani kura ni dawa ya kila maradhi: wilaya hizohizo ziliungana kujenga mitambo ya nyuklia, na mwaka 1983 zikashindwa kulipa deni la dola bilioni 2.25. Tofauti ni kwamba mkulima wa kule alijua jina la kulifuta.

Kwetu, jina hilo lilitafutwa sana Mei 2008, pale umeme uletwao tangu 1980 kwa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba ulipokatika kwa karibu mwezi mzima, na kisha tena Disemba 2009, kwa miezi mitatu. Pampu zikanyamaza, mabomba yakakauka, visima vilivyosahauliwa vikafunguliwa, na madumu yakapakiwa juu ya mikokoteni yakiuzwa mitaani, huku majenereta yakinguruma Darajani mchana kutwa.

Waya mpya wa megawati 100 ukazinduliwa 2013, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya mamlaka ya kudhibiti maji na nishati, ambayo bodi yake nayo ni ya kuteuliwa. Kwa rai yangu, hapa ndipo penye kasoro: hisani imekwisha kugeuka biashara, mita imewekwa na bei imepangwa, lakini namna ya kumpata msimamizi imebaki ileile ya enzi ya hisani. Mtu wa Kendwa mwenye malalamiko humwendea sheha, ambaye naye ni mteule wa mkuu wa mkoa. Au humfuata mwakilishi wa jimbo, aliyemchagua kweli kwa kura yake, naye akaliuliza swali lake katika Baraza la Wawakilishi huko Chukwani, na anayesimama kujibu ni waziri yuleyule aliyewateua wajumbe.