Dinari Mbili za Msamaria: Nani Hulipia Matibabu ya Bure?

Somo: Luka 10:1-9 na 25-37

Habari ya Msamaria Mwema tunaijua tangu shule ya Jumapili. Tunamkumbuka kuhani aliyepita kando, Mlawi aliyefuata nyayo zake, na mgeni aliyesimama akafunga jeraha. Mtu mmoja huwa tunamsahau: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria aliendelea na safari yake. Mwenye nyumba ndiye aliyebaki na mgonjwa.

Kwa yule majeruhi, matibabu yalikuwa bure kabisa. Kwa mwenye nyumba hayakuwa bure. Alipewa dinari mbili mkononi na ahadi kwamba gharama itakayozidi italipwa Msamaria atakaporudi. Je, dinari zingepungua na mwenye ahadi asirudi, ingekuwaje? Sisi watu wa Mara tunaweza kulijibu swali hilo kwa historia yetu wenyewe.

Ahadi ya mwana wa Butiama

Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, na alipofikia miaka 12 akaanza shule Mwisenge, Musoma. Alipopokea uongozi wa nchi mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, hesabu ambayo yeye mwenyewe alipenda kuikumbusha. Alitaja maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu bila malipo yakawa msimamo wa Serikali. Katika miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya vilijengwa vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu kuzunguka redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku watu binafsi kufanya matibabu kuwa biashara. Mengi ya hayo yalikuwa matunda mema. Maskini alitibiwa bila kuuza ng'ombe wake wa mwisho, na tukikumbuka hilo tunapaswa kumshukuru Mungu.

Lakini zahanati si kuta na bati. Ilihitaji mganga msaidizi wa vijijini, kijana aliyesomeshwa miaka michache baada ya shule ya msingi, pamoja na muuguzi na mkunga. Hao ndio waliokuwa wenye nyumba ya wageni. Taifa liliwakabidhi mgonjwa, likawaahidi mshahara, dawa na mahali pa kulala.

Dinari zilipopungua

Kisha mambo yakageuka. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba ya nchi, na mazao tuliyouza nje, pamoja na pamba ya wakulima wa Bunda, hayakuleta fedha za kutosha. Katika miaka ya 1980 thamani ya mshahara wa mtumishi iliporomoka hata usimfikishe mwisho wa mwezi. Kuanzia mwaka 1984 maboksi ya dawa muhimu yalipelekwa zahanati kwa msaada wa Denmark, na yaliokoa wengi. Ila boksi lilikuja na kipimo kilekile, wagonjwa wawe wachache au wengi. Palipokuwa na wagonjwa wengi, dawa zilikwisha kabla ya boksi jingine kufika.

Pale Musoma, hospitali kubwa ya Kwangwa, ambayo leo inaitwa kwa kumbukumbu ya Mwalimu, ilianza kujengwa kisha ikasimama. Ilichukua takriban miongo minne hadi kupokea wagonjwa.

Angalia sasa ni nani aliyebeba pengo hilo. Huduma iliendelea kuitwa ya bure, na mgonjwa aliendelea kuja kwa haki yake. Aliyekaa upande wa pili wa meza ndiye aliyelazimika kusema, "Dawa zimekwisha." Watumishi wengi walilima na kufuga kuku ili watoto wale, kisha wakarudi zamu ya usiku kwa taa ya chemli. Wengine walianza kudai kitu kidogo chini ya meza. Dhambi hiyo hatuihalalishi, maana maskini ndiye aliyeumia. Lakini tusijifanye hatujui ilikoanzia.

Julai 1993 Serikali ilianza kutoza ada, ikianzia hospitali kubwa. Wajawazito, watoto wadogo, na baadaye wazee wasiojiweza, waliwekwa katika msamaha. Ulikuwa uamuzi wa huruma. Hata hivyo, msamaha ulioandikwa kwenye karatasi haununui glovu. Mama aliyeambiwa kujifungua ni bure alifika akaambiwa alete glovu, pamba na wembe. Muuguzi akawa uso wa ahadi ambayo hakuitoa yeye.

Jirani zetu wamepita njia hiyohiyo. Uganda iliondoa ada katika vituo vya Serikali Machi 2001, na wagonjwa wakaongezeka sana, hasa maskini. Kenya ilitangaza kujifungua bure Juni 2013, na akina mama wakaja kwa wingi. Pote pawili wagonjwa waliongezeka haraka kuliko mikono ya kuwahudumia.

Kanisa nalo linahusika

Februari 1992 Serikali na makanisa walitiliana saini mapatano ya kushirikiana katika elimu na afya. Ndiyo maana tumezoea kusikia "hospitali teule", kama ile ya Bunda: hospitali isiyo ya Serikali inayobeba kazi ya hospitali ya wilaya, nayo Serikali ikichangia ruzuku na watumishi. Ruzuku ikichelewa, uongozi wa hospitali huwa na njia mbili ngumu: kumtoza maskini au kumchelewesha mtumishi. Katikati ya miaka ya 2000 Serikali ilipoboresha mishahara yake, wauguzi wengi wa hospitali za makanisa walihamia huko. Tuliwasema kuwa wamekosa wito, bila kujiuliza kama sisi tuliwatimizia ujira wao.

Nami nina la kuungama. Niliwahi kumpeleka ndugu yangu hospitali, muuguzi akaniambia nikanunue dripu dukani. Nilimwita mwizi mbele ya watu. Hakujibu. Nilipotoka nje niliona zamu ile alikuwa peke yake na wodi nzima. Sikurudi kumwomba radhi, na jambo hilo bado linanichoma.

Ndugu msomaji, sura ile ile ya Luka yenye Msamaria inaanza na Yesu akiwatuma wanafunzi sabini kuponya wagonjwa. Aliwaambia wale na kunywa watakachopewa, kwa sababu mfanyakazi ana haki ya ujira wake. Huruma kwa mgonjwa na haki kwa anayemhudumia ziko katika sura moja. Tusizitenganishe.

Leo nchi yetu ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Tuiombee na tuiunge mkono, maana ni njia ya kukusanya dinari kabla mgonjwa hajafika. Tukiitwa kwenye mkutano wa kijiji kujadili zahanati, tusiulize tu kama dawa zipo. Tuulize pia kama muuguzi ana nyumba na kama ana mwenzake wa kupokezana naye zamu. Na Jumapili tunapowaombea wagonjwa, tuwataje pia waliokesha nao.

Msamaria hakusema "bure" akaondoka. Alilipa, akaahidi, na akakusudia kurudi. Bwana atujalie tuwe watu wanaorudi. Amina.