Bomba na Kishikizo Chake: Historia ya Joto katika Mabani ya Tumbaku ya Arua na Koboko

Ikisiri

Historia ya tumbaku katika mkoa wa West Nile nchini Uganda huandikwa kwa kawaida kama historia ya jani, bei na kampuni. Makala haya yanaitazama historia hiyo kwa kuanzia ndani ya bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku, na hasa kwenye bomba la chuma linalopitisha joto na vishikizo vinavyolibeba. Hoja kuu ni kwamba ukaushaji wa mvuke-joto ulimhamishia mkulima mdogo kazi ya kiwanda pamoja na hatari zake zote. Namna bomba lilivyoshikiliwa iliamua kama jani lingeuzwa, kama bani lingesimama hadi msimu uliofuata, na ni miti mingapi ingekatwa.

Utangulizi

Kiswahili cha wakulima kina msamiati wa kutosha kuieleza teknolojia inayojadiliwa hapa. Wakulima wa tumbaku wa Tabora na Urambo nchini Tanzania huliita jengo la kukaushia jani bani, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Moto huwashwa katika tanuri, neno lenye asili ya Kiarabu. Joto hupita katika bomba, neno lililotoka Kireno, kisha moshi hutokea katika dohani, neno jingine la Kiarabu. Kwa nguzo, miguu, vipande vya nondo na waya vinavyolibeba bomba, makala haya yanatumia neno kishikizo.

Kishikizo ni kifaa kidogo ambacho wanahistoria hawajakishughulikia sana. Hata hivyo, Arua na Koboko ni mahali pafaapo kukichunguza. Ni nchi ya mpakani, inayopakana na Kongo upande wa magharibi na Sudan Kusini upande wa kaskazini, na kwa muda mrefu ilikaa mbali na nyaya za umeme wa taifa. Kituo cha maji cha Nyagak, chenye uwezo wa megawati 3.5, kilianza kazi mwaka 2012, na mkoa uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024. Kwa hiyo, katika karne yote ya 20, joto la kukaushia mazao lilitoka kwenye kuni.

Mkoa wa vibarua na mkoa wa jani

West Nile iliingia katika himaya ya Uganda kwa kuchelewa. Sehemu hii ilikuwa ndani ya eneo la Lado, lililoshikiliwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909. Baada ya hapo ilipitia mikononi mwa utawala wa Sudan, na mwaka 1914 ikawekwa chini ya Uganda, boma likajengwa Arua. Reli haikufika Arua. Utawala wa Kiingereza uliiona nchi hii kwanza kama ghala la watu: askari wa King's African Rifles, ambao walikuja kuwa miongoni mwa waenezaji wa Kiswahili katika mkoa, na vibarua wa mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi.

Vibarua hao Walugbara na Waalur walikata miwa ambayo sukari yake ilipikwa kwa mvuke. Katika viwanda vya aina hiyo, joto husafiri ndani ya mirija ya chuma iliyopangwa safu kwa safu, na mhandisi hulazimika kuishika mirija isitikisike wala kujikunja, huku akiiachia nafasi ya kutanuka. Gharama ya kazi hiyo ilikuwa ya mwenye kiwanda. Mrija ukitoboka, kibarua hakutakiwa kununua mwingine.

Tumbaku ilibadili mpangilio huo. Ilikuwa zao lililoweza kustahimili safari ndefu hadi kiwandani, kwa kuwa jani lililokauka vizuri ni jepesi na haliozi upesi. Kampuni ya British American Tobacco ilikuwa na kiwanda Jinja tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na West Nile ikawa mojawapo ya sehemu zilizokilisha. Hata hivyo, jani halikukaushiwa Jinja. Lilipaswa kukaushwa palepale lilipovunwa, siku ileile au ya pili yake. Hatua ya kwanza ya kiwanda ikawekwa nyumbani kwa mkulima.

Kutoka moshi hadi joto tupu

Kuna njia tatu kubwa za kukausha tumbaku. Ya kwanza ni ya hewa, ambapo jani hutundikwa katika banda lenye kivuli na upepo. Ya pili ni ya moto wa wazi, ambapo magogo huwashwa sakafuni na moshi kulifikia jani moja kwa moja. Ya tatu ni ya mvuke-joto: moto huwashwa katika tanuri, na moshi hupita ndani ya mabomba bila kuligusa jani. Joto pekee ndilo linalovuka ukuta mwembamba wa chuma na kuingia katika hewa ya bani.

Asili ya njia hii ya tatu husimuliwa kwa tukio la mwaka 1839 katika wilaya ya Caswell, North Carolina, Marekani. Mtumwa aliyeitwa Stephen, aliyekuwa pia mhunzi katika shamba la Abisha Slade, alipitiwa na usingizi akiulinda moto wa bani. Alipoamka na kuukuta umefifia, alichukua makaa kutoka kwenye fuo la uhunzi na kuuchochea. Joto kali lisilo na moshi mwingi liliyageuza majani kuwa ya rangi ya manjano angavu, nayo yakauzwa kwa bei nzuri. Katika miongo iliyofuata, mabomba ya chuma yalichukua nafasi ya makaa ya wazi. Inafaa kukumbukwa kwamba ujuzi ulioanzisha biashara hiyo kubwa ulitoka kwa mfua chuma ambaye hakumiliki shamba, jani wala nafsi yake mwenyewe.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, tumbaku ya mvuke-joto ilienea katika vijiji vya Arua, Maracha na Koboko. Bani la mkulima mdogo lilikuwa jengo refu la matofali au la miti iliyokandikwa udongo, bila dirisha, lenye fito ndani za kutundikia majani tabaka juu ya tabaka. Tanuri lilijengwa kwenye ukuta mmoja. Bomba liliingia kutoka hapo, likaenda hadi ukuta wa pili, likageuka na kurudi, kisha likatokea katika dohani.

Ukaushaji huchukua takriban siku 5 hadi 7. Mwanzoni joto huwekwa kati ya nyuzi 32 na 40 za Selsiasi ili jani ligeuke manjano. Kisha hupandishwa taratibu hadi nyuzi 50 na zaidi ili rangi ishike, na mwishoni hufika nyuzi 70 hivi ili uti wa jani ukauke. Moto ukiruka hatua, jani huiva vibaya. Ukizimika usiku, hubadilika kuwa la kahawia. Katika siku hizo mtu wa nyumba hiyo hulala karibu na tanuri, na kwa kawaida watoto na wanawake hushiriki kuleta kuni.

Kazi ya kishikizo

Bomba la bani hukabiliwa na mambo matatu kwa wakati mmoja. La kwanza ni uzito wake, pamoja na uzito wa masizi yanayojilimbikiza ndani. La pili ni kulainika: chuma kinapopata joto kali hupoteza sehemu ya nguvu yake, na kipande kilicho jirani na tanuri ndicho huanza kulegea. La tatu ni kutanuka. Bomba la chuma lenye urefu wa mita 6, likipata ongezeko la joto la nyuzi 300, hurefuka kwa zaidi ya sentimita 2. Moto ukizimwa, hurudi.

Kwa sababu hiyo kishikizo kizuri hubeba bila kufunga. Bomba lililokazwa kwa saruji katika kuta zote mbili halina mahali pa kwenda linapotanuka. Hujipinda au huupasua ukuta. Bomba lililoachwa bila kubebwa katikati hubonyea, na maungio yake hufunguka. Njia iliyofaa ni kuliweka bomba juu ya miguu ya matofali au ya nondo iliyopindwa, kwa nafasi zinazolingana, likalia kama mtumbwi juu ya magogo ya kuutelezesha. Miguu hiyo huongezeka kimo kidogo kidogo kuelekea kwenye dohani, kwa kuwa moshi wa moto hupenda kupanda. Bomba likiinama katikati, moshi hukwama na moto hukosa pumzi.

Kimo chenyewe kina mipaka miwili. Bomba likilala sakafuni, ardhi hunyonya joto lililokusudiwa jani. Likiinuliwa kupita kiasi, hukaribia fito za chini. Jani lililokauka likidondoka juu ya chuma chenye moto, huwaka, na katika bani lililojaa tumbaku kavu hadi paani moto huo hauzimiki kwa ndoo za maji. Ndiyo maana waangalifu hutandaza wavu wa waya juu ya bomba ili kudaka majani yanayoanguka. Ungio nalo lina hatari yake: likiachana kwa upana wa kidole, moshi huingia bani na kulitia jani harufu inayolishusha daraja, na cheche zaweza kufuata.

Kwa hiyo, nguzo ya matofali manne iliyomomonyoka ingeweza kugharimu mavuno ya mwaka. Fundi aliyeijua kazi hii alikuwa mtu wa maana kijijini. Wahunzi walikuwepo katika nchi hii kabla ya ukoloni, wakifua majembe na ncha za mishale. Mafundi bati wa masoko ya Arua na Koboko walirithi nafasi yao katika uchumi mpya, wakikunja mabati na mapipa kuwa mabomba na kuyaziba maungio kwa udongo.

Chuma, deni na miti

Katika kilimo cha mkataba, mkulima hupewa pembejeo kwa mkopo, na gharama yake hukatwa jani linapouzwa. Mbegu, mbolea na dawa huisha ndani ya msimu. Bomba ni tofauti, kwa kuwa linatakiwa kudumu miaka kadhaa ili lijilipe. Bomba lililobebwa vizuri hudumu. Lililoachwa likabonyea hutoboka mapema, na deni jipya huanza kabla la zamani halijaisha. Hivyo kishikizo, ambacho hakikuwa na mstari wake katika daftari la mikopo, kiliathiri daftari zima.

Miti nayo ilikuwa na hesabu yake. Kila kilogramu ya jani kavu la mvuke-joto hudai kilogramu kadhaa za kuni. Bani lenye bomba lililolala chini, lenye maungio wazi na kuta zenye nyufa hudai zaidi kwa jani lilelile. Uoto wa asili wa mkoa ulipopungua, kampuni na maofisa wa misitu walihimiza upandaji wa mikaratusi, na mistari ya miti hiyo ni sehemu ya mandhari ya Arua hadi leo. Suluhisho hilo lilielekezwa kwenye kuni zinazoingia tanurini. Upande wa pili wa tatizo, yaani joto linalopotea baada ya kuni kuwaka, ulichelewa kushughulikiwa. Mwanzoni mwa karne ya 21, majaribio ya tanuri za aina ya roketi nchini Malawi yalionyesha kwamba tanuri lililofunikwa vizuri na mabomba yaliyopangwa upya huokoa kuni nyingi. Sehemu kubwa ya akiba hiyo haikuhitaji mti mpya hata mmoja.

Vita, kurudi na kupungua

Baada ya kuanguka kwa utawala wa Idi Amin mwaka 1979, majeshi yaliingia West Nile, na kuanzia mwaka 1980 wakazi wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan. Bani lisilowashwa moto huharibika haraka: mvua hulowesha kuta, mchwa hula fito, na kutu hula chuma. Shughuli za British American Tobacco nchini Uganda zilianza upya mwaka 1984, na watu waliporudi uhamishoni katika miaka ya 1980, tumbaku ilikuwa mojawapo ya njia chache za kupata fedha taslimu za ada za shule na mabati ya nyumba. Jambo hilo husaidia kueleza kwa nini wengi walilikubali deni la bomba wakiujua uzito wake.

Tangu hapo mazingira yamebadilika. Koboko ikawa wilaya mwaka 2005. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa mwaka 2015. Wakimbizi kutoka Kongo na Sudan Kusini wamepokelewa Lobule, Rhino Camp na Imvepi, nao pia wanapikia kuni. Mti unaowashwa katika tanuri la bani sasa unagombewa na jiko la jirani na la mgeni.

Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba ukaushaji wa mvuke-joto ulikuwa hatua ya kiwanda iliyofanyika kwa gharama ya kaya. Katika kiwanda cha sukari, mrija na kishikizo chake vilikuwa juu ya mwenye mali. Katika bani la Arua au Koboko, bomba lilikuwa deni la mkulima, kuni zilikuwa kazi ya familia yake, na hatari ya moto ilikuwa yake peke yake, ilhali daraja na bei ya jani vilipangwa na mnunuzi. Ujuzi wa kulishika bomba ulikuwa mojawapo ya mambo machache ambayo mkulima aliweza kuyatawala mwenyewe.

Ujuzi huo haukuandikwa. Umo katika kumbukumbu za mafundi bati na wakesha-moto ambao sasa ni wazee, na katika magofu ya mabani ambayo mvua inayamaliza. Watafiti wa historia simulizi wanaotumia Kiswahili, Kilugbara na Kikakwa wanao uwezo wa kuukusanya, kwa sharti kwamba waulize pia jinsi jani lilivyokaushwa, na si bei lililouzwa tu.