Tairi la tano linakaa wapi?

Wapendwa, nimekuwa kimya wiki mbili hizi. Kazi, halafu na uvivu kidogo, sitaki kuwadanganya. Leo nimerudi na mada ambayo najua baadhi yenu mtacheka: tairi la spea. Naam, spea! Tena ya yale magari ya juu, yanayovuta magurudumu yote manne, ambayo sisi Wabongo makubwa yake tunayaita mashangingi. Umewahi kujiuliza kwa nini kwenye gari moja spea iko juu ya boneti, kwenye jingine iko mgongoni, kwenye jingine imefichwa tumboni, na siku hizi kwenye mengine haipo kabisa?

Mimi sikuanza kujiuliza nikiwa mezani. Nilianza nikiwa nimelala kifudifudi kwenye tope.

Ilikuwa Machi mwaka juzi, masika yamechanganya, tunatoka Mlimba kurudi Ifakara. Ndani ya gari tulikuwa mimi, mpiga picha wetu na dereva, mtu mzima ambaye wote tunamwita Mzee. Njiani tulimpa lifti mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa miaka kama mitatu mwenye homa kali, anampeleka hospitali. Gari lilikuwa la kukodi, shangingi safi, viti vya ngozi, kipupwe mpaka unatafuta sweta. Tukaingia kwenye dimbwi, jiwe lililojificha chini ya maji likapasua tairi la nyuma. Haya, tukashuka.

Spea ilikuwa chini ya gari, nyuma, imening'inizwa kwa waya wa chuma. Unaishusha kwa kuzungusha chuma kirefu unachokipenyeza juu ya bampa. Ndivyo kitabu cha gari kinavyosema. Kitabu hakisemi ufanye nini kama nyuma ya gari imezama na spea yenyewe imekalia tope. Wala hakisemi ufanye nini kama ule mtambo wa kuishushia umeshika kutu, maana hakuna aliyeugusa tangu gari lishuke bandarini. Mzee alizungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Spea haikushuka hata inchi moja.

Tukaazima jembe kwa wakulima. Tukachimba. Kijana mmoja akapanda baiskeli kwenda kijijini kutafuta msumeno wa chuma ili tukate ule waya. Yote hayo yalikula saa tatu. Yule mama hakusema neno. Alikaa chini ya mwembe na mwanawe mapajani, anampepea kwa ncha ya kanga, na kila nilipotoa kichwa chini ya gari nilikutana na macho yake. Ndipo Mzee akafuta tope usoni akasema, "Mwanangu, gari hili amelichora mtu ambaye hajawahi kupata pancha."

Mtoto alikuwa na malaria. Alitibiwa akapona, Mzee alipita wodini siku ya pili akamkuta anakunywa uji. Lakini zile saa tatu zilinikaa rohoni, na maneno ya Mzee vilevile. Nikaanza kusoma. Nani alichora? Na alikuwa anamfikiria nani?

Kwanza jueni kwamba magari ya mwanzo kabisa hayakuwa na spea. Magurudumu yalikuwa hayabanduki kirahisi. Ukipata pancha unakaa kando ya barabara, unavua tairi papo hapo, unaziba tyubu, unapampu kwa mikono. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, Thomas Morris Davies alikuja na ufumbuzi: rimu isiyo na spoki, yenye tairi lililokwisha jazwa upepo, unaifunga kwa vibano ubavuni mwa gurudumu lililopata pancha na safari inaendelea. Karakana yao ilikuwa mtaa wa Stepney, na kifaa kikaitwa jina la mtaa. Mpaka leo India na Bangladesh watu wanaita spea "stepney", wengi wao bila kujua kwamba wanataja mtaa wa Wales.

Baadaye magurudumu yakawa ya kufungua na kufunga, na spea kamili ikatafuta mahali pa kukaa. Miaka ya 1920 na 1930 magari mengi yaliibeba ubavuni, karibu na madigadi ya mbele, na ya matajiri yalibeba mbili, kila upande moja. Halafu magari ya mjini yakapata buti, spea ikaingia humo na watu wakaanza kuisahau.

Magari ya porini yakachukua njia yake, na hapa lazima tuanze na vita. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka kigari chepesi cha kwenda popote. Kilichotoka ni Jeep, na kufikia mwisho wa vita mwaka 1945 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya laki sita. Spea yake ilikuwa nyuma, nje, inaonekana, kando ya dumu la petroli. Fikiria askari anayepigwa risasi: atapenda apekue mizigo ndani au azunguke nyuma na spana mkononi?

Sasa tazama kilichofuata, maana hapa ndipo nilipoanza kumwelewa Mzee. Vita vilipoisha mwaka 1945, Willys walitoa Jeep ya raia, CJ-2A, wakiwalenga wakulima. Mkulima anataka mlango wa nyuma unaofunguka ili apakie magunia, na spea ikiwa nyuma itamzuia. Wakaihamishia ubavuni. Ukoo wa gari ni uleule na spea ni ileile, ila aliyebadilika ni mtu wa kuitumia.

Land Rover ilizaliwa katika mawazo hayohayo. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep kuukuu iliyobaki vitani, akiitumia shambani kwake Anglesey, na akaona kampuni yake inaweza kutengeneza gari la namna hiyo. Likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Spea ilikaa nyuma ya viti, kwenye sehemu ya mizigo, na aliyetaka nafasi zaidi ya mizigo aliweza kuagiza ifungwe juu ya boneti. Hiyo ya boneti ndiyo wengi wetu tuliyoikuta kwa wazazi wetu.

Naijua vizuri kwa sababu ya mjomba wangu, ndugu yake mama. Alikuwa dereva wa serikali wilayani miaka ya 1970 na 1980, anaendesha Land Rover 109. Marehemu alikuwa na desturi moja: kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, anaipiga spea ngumi mbili kama mtu anayebisha hodi. Ikitoa sauti aipendayo, anapanda. Sisi watoto tulicheka. Leo naona alikuwa na ukaguzi mzuri kuliko fomu nyingi za ofisini. Spea ilikuwa mbele ya macho yake safari nzima. Ikipungua upepo, anajua. Ikiibwa, anajua kabla hajatoka getini.

Kuibwa si mzaha. Vijana wenzangu ambao mmekuta maduka yamejaa, waulizeni wazee juu ya miaka ile baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Nchi haikuwa na fedha za kigeni. Tulikuwa na kiwanda chetu cha General Tyre pale Arusha, ambacho kilikuja kusimamisha uzalishaji mwaka 2009, lakini miaka ile ya mwanzo ya 1980 tairi jipya lilikuwa kitu cha kuandikia barua na kusubiri. Mjomba alifunga spea yake kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni.

Lakini tusiipambe sana boneti. Tairi la gari kama lile pamoja na rimu yake ya chuma lina uzito wa zaidi ya kilo 30. Ukitaka kupima oili unanyanyua boneti pamoja na mzigo huo, na upepo ukikusukuma ikakudondokea kichwani, utajua. Halafu mtu mfupi haoni vizuri mbele. Mjomba alikuwa mfupi, alikalia mto.

Wajapani nao walikuwa na hesabu zao. Mwaka 1970 Suzuki walitoa LJ10, babu wa Jimny. Sheria ya kwao iliyapa nafuu magari madogo, na moja ya masharti ni urefu usizidi mita tatu. Spea ikifungwa nyuma kwa nje, gari linapita kipimo. Wakaiweka ndani, pale ambapo angekaa abiria wa nne, na gari likawa la watu watatu! Kwenye matoleo ya baadaye ya kuuza nje spea ikatolewa ikafungwa mgongoni, na mtu wa nne akapata kiti. Umeona? Sheria ya nchi moja ndiyo iliyoamua spea ikae wapi, barabara haikuulizwa.

Mwaka huohuo, Juni, Waingereza walizindua Range Rover, gari la shamba lenye kutaka kuingia mjini na suti. Spea ikawekwa ndani, imesimama wima ubavuni mwa sehemu ya mizigo. Toyota nao, ambao Land Cruiser yao ya FJ40 ilibeba spea mgongoni, walipotoa Land Cruiser ya familia ya 60 mwaka 1980 waliishusha chini ya sakafu. Na ya 80, iliyofuata mwaka 1990, kwa kawaida ilifanya hivyohivyo. Hapo ndipo shangingi lilipozaliwa: ndani nafasi tele, nje laini, na pancha imekuwa habari ya tumboni.

Kwa nini wafanye hivyo? Si ujinga. Uzito ukiwa chini, gari linatulia kwenye kona. Dereva anaona nyuma vizuri. Mlango wa nyuma unakuwa mwepesi. Kwa mtu wa lami, chini ni mahali pazuri sana.

Mgongoni nako kulipata zama zake. Pajero ya 1982, RAV4 ya 1994, CR-V ya 1995, Prado ya 1996, zote zilivaa spea kwenye mlango wa nyuma, na nyingine zilivaa kama mwanaume wa mjini anavyovaa buti za jeshi: kwa sura tu. Kisha bima wakaanza kulalamika. Majaribio ya taasisi ya kampuni za bima ya Marekani yalionyesha kwamba gari la namna hiyo likirudi nyuma taratibu likagonga nguzo, spea inatangulia na kuusukuma mlango na kioo, na bili inakuwa kubwa. CR-V iliyofuata mwaka 2006 ikaificha spea, RAV4 ikafuata mwishoni mwa 2012. Sasa kuna magari mapya yasiyobeba spea kabisa. Unapewa chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Gundi hiyo inaziba tundu la msumari. Ubavu wa tairi uliochanwa na jiwe la Mlimba haizibi.

Wanaoishi na barabara mbovu wao hawakusahau. Nenda Arusha utazame yale magari marefu ya watalii: spea iko nyuma, nje, mara nyingi ziko mbili. Defender mpya iliyotoka mwaka 2019 bado ina spea mlangoni. Hata hivyo mgongo nao una maradhi yake. Barabara ya mawimbi inautikisa ule mzigo maelfu ya mara, bawaba zinalegea, mlango unapasuka. Ndiyo maana mafundi wazuri wa kuchomelea wanatengeneza mkono wa chuma unaoshikwa na bampa au chesisi, ili mlango usibebe kitu. Na wanaoweka juu ya keria wakumbuke kwamba kilo 30 juu ya paa zinataka kuliangusha gari kwenye mteremko, na kuna mtu lazima apande kuzishusha.

Basi jibu langu ni hili, mkubali mkatae. Kwa barabara zetu za masika spea ikae mahali unapoweza kuifikia gari likiwa limejaa mizigo, limezama, usiku, peke yako. Mara nyingi hapo ni nyuma, nje, kwenye mkono wake. Na kama gari lako limeibeba tumboni, kama mengi tunayoagiza yalivyo, si lazima uliuze. Ishushe kila baada ya miezi michache. Osha ule mtambo, utie grisi, pima upepo, irudishe. Ni kazi ya nusu saa nyumbani. Sisi ilitugharimu saa tatu za mtoto wa mtu.

Siku hizi kabla ya safari yoyote ya kikazi nauliza maswali mawili: spea iko wapi, na mara ya mwisho ilishushwa lini? Wenzangu wameshanipa jina, wananiita Bwana Spea. Sina neno. Wiki iliyopita tulikodi gari la kwenda Kilombero, kijana wa kampuni akanijibu la kwanza haraka, la pili akakuna kichwa. Nikamwambia tuishushe palepale uani.

Ilishuka. Ilikuwa haina upepo hata kidogo.