Doa la Mafuta kwenye Viti vya Gari, Kitale na Bungoma

Tawi la reli kutoka Leseru lilifika Kitale mwaka 1926. Njia kuu ya reli ya kwenda Uganda ilipitia Bungoma. Katika miji hiyo ya reli, magari mengi ya Uingereza ya enzi hiyo yalikuwa na viti vya ngozi halisi, ambayo hunyonya mafuta.

Matatu, yaani magari ya abiria, ziliporuhusiwa rasmi nchini Kenya mwaka 1973, viti vya ngozi bandia vilizidi kuenea. Doa la mafuta kwenye ngozi bandia hubaki juu na hutoka kwa maji ya sabuni.

Ngozi halisi hutaka subira: doa hugandamizwa kwa kitambaa kikavu bila kusugua, hunyunyiziwa poda au unga laini wa mahindi, huachwa usiku kucha, kisha hupanguswa. Petroli haifai: hubabua rangi na kukausha ngozi.